Naambiwa nipunguze uzito kwanza ndo nishonwe ngiri, ni kweli au nazungushwa?

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia, nafupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina miaka 46, nauza mitumba Kiboriloni. Urefu wangu ni mita 1.60, uzito kilo 104. Nilizaa kwa operesheni mara mbili, mshono ule wa kusimama chini ya kitovu, baadae ikatoka ngiri pale pale kwenye kovu. Miaka mitatu iliyopita nikashonwa hiyo ngiri, mwaka na nusu haujaisha ikarudi, saa hivi ni kama ngumi ya mtu mzima, nikilala inarudi ndani yenyewe. Nimeenda hospitali tena, daktari kaniangalia dakika chache akasema punguza uzito kwanza ndo urudi. Hakusema nipunguze kilo ngapi wala nirudi lini. Nimetoka pale nalia. Kwani unene unahusiana nini na kushona tundu? Au nazungushwa tu kwa vile ni mnene?"

Marahaba dada yangu, pole sana. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linalokuuma kuliko hata ngiri yenyewe. Unene unahusiana, tena sana, na huyo daktari kwenye alichosema hakukosea. Alipokosea ni kukuacha uondoke na sentensi moja, bila namba, bila tarehe, bila mtu wa kuanza nae. Kumwambia mtu wa kilo 104 punguza kwanza alafu ukaita mgonjwa anaefuata ni kama kumwambia mgeni apande Kibo bila kumwonyesha hata geti la Marangu liko upande gani. Mimi nashona ngiri huku kwetu miaka mingi, sijakuona wala kukushika tumbo kwa hiyo siwezi kukuamulia, ila naweza kukueleza kinachotokea kule ndani ili ukirudi hospitali urudi unajua unaongea nini.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Ngiri huku mtaani inabeba kila kitu, mtu akiumwa kiuno ni ngiri, tumbo likinguruma ni ngiri, mwanaume nguvu zikipungua ni ngiri, na mizizi ya kutibu ngiri inauzwa mpaka stendi. Ninayoongelea mimi ni tundu. Ukuta wa tumbo una tabaka gumu jeupe linalong'aa, ukienda buchani ukaangalia nyama ya ng'ombe utaona ule utando mweupe mgumu ambao muuza nyama anauvua kwa kisu, sasa sisi ule tunauita fasia. Ule ndo unaoshika tumbo lako pamoja na misuli iliyofungwa nao. Ngozi haishiki kitu, mafuta hayashiki kitu. Ukipasuliwa, kinachoshonwa kwa nguvu ni fasia, na hata ikipona vizuri kabisa kovu lake haliwi tena na nguvu ile uliyozaliwa nayo. Likiachia, utumbo au mafuta ya ndani yanachungulia, hiyo ndo ngiri ya mshono, na hakuna mzizi wala mkanda unaoweza kuziba tundu la namna hiyo, linazibwa kwa operesheni tu.

Sasa unene unaingilia wapi. Unaingilia sehemu kama tatu na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni presha, sio ile ya damu, ni presha ya ndani ya tumbo. Mtu mwembamba akiwa amelala ametulia inakuwa kama 5 mpaka 7 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mtu mwenye unene mkubwa inakaa 9 mpaka 14, yani karibu mara mbili, na hiyo ni mchana na usiku, hata akiwa usingizini. Akikohoa kwa nguvu inaweza kuruka kupita 100 kwa sekunde moja. Alafu kuna kitu kingine watu hawakifikirii, ukuta wa kitu cha mviringo unavutwa zaidi kadri kinavyokuwa kipana, hata kama presha ya ndani ni ile ile. Wewe ni mtu wa soko utanielewa haraka, chukua gunia la mahindi lililojazwa kawaida na lile la lumbesa, wakati wa kurusha kwenye Fuso ni lipi linafumuka mshono? Ndo hivyo hivyo. Tumbo pana lenye mafuta mengi ya ndani linauvuta mshono kutoka kila upande tangu siku ya kwanza, kabla hujanyanyua hata ndoo.

Na ngoja nikwambie kitu ambacho wagonjwa wengi hawakijui. Ngiri ikirudi watu wanasema "uzi ulikatika", wengine wanasema daktari alitumia uzi feki. Mara nyingi nikifungua tena tumbo lililoshonwa kwa nyuzi zile zisizoyeyuka, uzi naukuta mzima, na fundo lake limekaa vile vile, ila pembeni yake kuna tundu. Uzi haukukatika, uzi ndo ulikata nyama. Kuna siku nilikuwa nafunga ukuta wa mtu mnene, msaidizi kavuta kingo mbili zikakutana kwa shida, nikapiga fundo, dawa ya kulegeza misuli ilikuwa inaelekea kuisha, tumbo likasukuma kidogo tu, nikaona kwa macho yangu uzi unazama kwenye fasia taratibu kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni kwa uzi. Ilibidi tufumue tuanze upya kwa njia nyingine. Hicho nilichokiona kwa dakika moja mbele yangu ndo kinachoendelea kimya kimya kwa miezi ndani ya mtu aliyeshonwa ukuta wake ukiwa umevutwa kupita kiasi.

Ya pili ni kidonda, na hapa ndo penye shida nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu mwembamba kutoka ngozi mpaka fasia ni sentimita moja au mbili. Kwa mnene sana naweza kushuka sentimita nane, hata kumi, kwenye mafuta ya njano kabla sijaona kile cheupe. Mafuta hayo yana damu kidogo ukilinganisha na ukubwa wake, damu kidogo ni oksijeni kidogo, na oksijeni ikiwa kidogo askari wa mwili wanapigana na wadudu kwa shida. Hata antibaiotiki inayotolewa kabla ya kukata inasambaa kwenye mwili mkubwa zaidi, ndo maana kwa antibaiotiki moja inayoitwa sefazolini miongozo inasema gramu 2 kwa watu wengi ila mtu akifika kilo 120 apewe gramu 3. Alafu ukishafunga, kule chini kunabaki nafasi, inajaa maji ya njano kama chai ya rangi iliyopauka, tunaweka dreni, yani mpira mwembamba, yatoke kwenye chupa lakini saa nyingine yanajaa tena ukishatolewa mpira. Maji yenyewe sio usaha, mengi yanakauka yenyewe, ila wadudu wakiingia humo ni shughuli, na infeksheni ya kidonda ni moja ya sababu kubwa kabisa za ngiri kurudi. Kwa hiyo unene unaleta kidonda kibaya, kidonda kibaya kinaleta ngiri tena, vinashikana mikono.

Naandika haya nikimkumbuka mama mmoja wa zamani, mwanzoni mwa kazi yangu, hospitali haina haja ya kuitaja. Alikuwa na kilo 118 na sukari isiyotulia, mwanae alikuwa anaolewa baada ya mwezi na nusu, akanibembeleza nimshone ili avae gauni bila kile kivimbe. Nikamwonea huruma nikakubali. Siku ya nane kidonda kikafunguka, tukawa tunaosha na kufunga kila siku, wavu niliouweka (kile kitambaa cha matundu tunachowekea fasia kuitia nguvu) ukaingia usaha ikabidi niutoe, akakaa wodini wiki tano na harusi ya mwanae ilifanyika yeye yuko kitandani. Na ngiri ilirudi, pana kuliko ya kwanza. Mpaka leo mgonjwa akiniambia "dokta nishone tu hivyo hivyo" namwona yule mama. Huruma yangu siku ile ilimuumiza, ningemwambia tusubiri angenichukia mwezi mmoja tu.

Ya tatu ni mapafu na usingizi wa nusu kaputi. Mtu mnene akilazwa chali tumbo linasukuma mapafu juu, oksijeni inashuka haraka wakati wa kulazwa usingizi, na kuweka mpira wa kupumulia kunaweza kuwa kugumu. Sasa ongeza kwamba ngiri kubwa imekaa nje miaka, tumbo la ndani limeshazoea kuwa bila ule utumbo na limejaa mafuta, ukiurudisha wote kwa mkupuo unabana mapafu zaidi. Muulize anaelala karibu yako akwambie ukweli, unakoroma sana na katikati unakata pumzi kama sekunde kadhaa alafu unashtuka? Kama ndio, mwambie daktari wa usingizi mapema, usisubiri siku yenyewe. Na kuna damu kuganda miguuni ikaruka mpaka mapafuni, hiyo nayo kwa wanene inatokea zaidi, ndo maana utachomwa sindano za heparini na kuamshwa utembee siku hiyo hiyo hata kama unaona nesi hana huruma.

Lakini pia usinielewe kwamba mnene hashoneki. Watu wengi wanene wanashonwa ngiri na wanapona vizuri tu. Unene hautoi hukumu, unaongeza uwezekano wa mambo kuharibika, na uzuri wake (nasema uzuri) ni kwamba unaweza kuushusha kabla ya siku ya operesheni. Umri huwezi kuushusha, kovu la zamani huwezi kulifuta.

Na ngiri yako kurudi sio lazima iwe kosa la mwili wako. Hapa nataka unisikilize vizuri. Uliposhonwa mara ya kwanza waliweka wavu? Maana kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2000, watu wenye ngiri ya mshono kama yako, nusu walishonwa kwa uzi peke yake nusu wakawekewa wavu, baada ya miaka 3 ngiri ilirudi kwa asilimia 43 ya walioshonwa uzi tu na asilimia 24 ya wenye wavu. Walivyofuatiliwa mpaka miaka 10 ikawa 63 kwa 32. Umeona? Kwa uzi peke yake zaidi ya nusu inarudi, wanene na wembamba humo humo. Kwa hiyo kama ulishonwa kwa uzi tu alafu siku ya arobaini ukaanza kubeba mabelo, unene ulichangia lakini haukuwa peke yake. Tafuta ile karatasi ya kuruhusiwa, kama umeipoteza rudi ulipofanyiwa uombe faili waangalie maelezo ya operesheni, ni haki yako, na daktari wa mara hii anaihitaji kweli.

Kuhusu bei ya wavu najua ndo inayozuia wengi. Majirani zetu Uganda walifanya utafiti mzuri, ukatoka 2016, waliweka wanaume wenye ngiri ya kinena wavu wa bei ndogo wa kitambaa kinachofanana na cha chandarua, uliosafishwa kitaalamu kwa joto, wakalinganisha na wavu wa kiwandani, na baada ya mwaka matokeo yalikuwa karibu sawa. Ile ilikuwa ngiri ya kinena sio ya mshono kama yako, ila inaonyesha kwamba wavu sio lazima uwe anasa. Uliza hospitali wanatumia upi na bima yako inagharamia nini.

Sasa namba, maana ndo ulichonyimwa. Kilo 104 ukigawa kwa urefu mara urefu, yani 1.60 mara 1.60, unapata 40.6, hiyo ndo BMI yako, yani kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu. Kundi la wataalamu wa ngiri za tumbo walikaa wakatoa mwongozo mwaka 2017, walisema operesheni isiyo ya dharura isifanywe kwa mtu mwenye BMI ya 50 na kuendelea, wala anaevuta sigara bado, wala ambae kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu (HbA1c) kimefika asilimia 8 na kuendelea. Walio kati ya 30 na 50, ambao wewe umo, wakasema kila mtu aangaliwe kivyake na asaidiwe kushusha hatari kabla ya kukatwa. Kwa hiyo hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu wa 40 afukuzwe. Madaktari wengi tunapenda kumwona mgonjwa akishuka kwenye 35 hivi, kwako hiyo ni kama kilo 90, maana yake kilo 14 za kupunguza. Zinaonekana nyingi. Ila nusu kilo kwa wiki, ambayo ni kitu cha kawaida kabisa kwa mtu aliepata mpango, ni miezi sita na nusu. Na kwa mimi binafsi ukinijia na kilo 95, sukari imetulia, unatembea kila siku bila kuhema, nitakaa na wewe tuongelee tarehe. Nisingekuacha miaka miwili unasubiri namba kamili huku ngiri inakua, maana tundu likizidi kupanuka na operesheni yenyewe inakuwa ngumu.

Kuna ushahidi kwamba huku kujiandaa kunasaidia? Upo, na nikupe wote bila kuficha. Kule Houston, Marekani, walichukua watu 118 wenye ngiri za tumbo na BMI ya 30 mpaka 40, nusu wakaingizwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi kabla, nusu wakapewa ushauri wa kawaida tu. Mwezi mmoja baada ya operesheni, waliojiandaa karibu 7 kati ya 10 hawakuwa na ngiri wala tatizo lolote, wale wengine hawakufika hata nusu. Walivyoangaliwa tena baada ya miaka miwili tofauti ilikuwa imepungua sana, na wachache kwenye kundi la kujiandaa ngiri iliwanasa kabla siku yao haijafika. Mimi ninachokichukua hapo ni kwamba faida ipo hasa kwenye kile kipindi cha hatari cha kidonda, na kwamba kusubiri kuwe na mwisho na kuwe na mtu anaekuangalia kila mwezi.

Chakula sitakuhubiria, umeshahubiriwa vya kutosha. Nakuuliza tu, asubuhi sokoni unakunywa chai ya maziwa vijiko vitatu na chapati mbili, saa nne kitumbua na soda, mchana wali maharage umejaa sahani, jioni nyumbani ndo unakula chakula chenyewe? Wengi wa sokoni ndo ilivyo na sio ulafi, ni kwamba unakaa juani siku nzima na chakula kinapita mbele yako kila dakika kumi. Soda moja ya chupa ina sukari kama vijiko vidogo vinane tisa. Ukiondoa soda na sukari ya chai tu, usibadilishe kingine mwezi wa kwanza, utaona mzani unaanza kusogea. Mwezi wa pili sahani, nusu iwe mboga, na wali au ndizi isizidi ngumi yako. Mtori sio adui, mafuta yanayoelea juu yake ndo shida. Ila usijishindishe njaa, nasisitiza, kidonda kinajengwa na protini, maharage, mayai, dagaa, maziwa mgando, hivyo usiviache hata siku moja, nimeshaona mtu kashuka kilo 15 kwa chai ya kupunguza tumbo ya mtandaoni akaja na mwili hauna akiba, kidonda kikagoma kupona kabisa.

Kutembea unaweza hata na hiyo ngiri. Funga mkanda mpana wa tumbo ukiwa umelala na ngiri imerudi ndani, alafu tembea dakika 30 kila siku, kutoka Kiboriloni kuelekea mjini asubuhi kabla ya daladala kujaa panatosha sana. Usifanye yale mazoezi ya kulala chali na kuinuka, yanasukuma tundu. Na mabelo dada, belo la kilo 45 usiliguse tena, najua kumlipa kijana wa mkokoteni ni hela, ila ihesabu kama sehemu ya gharama ya operesheni maana ndo ilivyo. Wanaotumia zile sindano za kupunguza uzito wamwambie daktari wa usingizi wiki kadhaa kabla, kwa sababu zinachelewesha chakula kutoka tumboni na mtu anaweza kutapika akiwa nusu kaputi. Na kwa wenye uzito mkubwa zaidi yako, kule Mloganzila, Dar, wanaweka puto tumboni, wengine ukiwaeleza hili wanashangaa kwamba lipo hapa nchini.

Muulize daktari pia kama unafaa kwa operesheni ya matundu, ile ya kamera. Kwa wanene nina upendeleo nayo, kwa sababu hufungui yale mafuta yote na infeksheni ya kidonda inapungua sana. Haifai kila ngiri, kovu kubwa lililoshikana na utumbo linaweza kuizuia, na sio kila hospitali wanayo, ila swali halilipiwi.

Sasa kitu cha mwisho na ndo cha maana kuliko vyote. Huko kusubiri ni kwa ngiri inayorudi ndani. Siku ikitoka ikakataa kurudi, ikawa ngumu, inauma, unatapika, hewa haitoki chini, au ngozi ya juu inabadilika rangi, hapo hakuna habari ya kilo tena, utumbo umenasa na unaweza kuoza ndani ya masaa. Usiisukume kwa nguvu, usikande na maji ya moto, usile wala kunywa kitu, chukua bodaboda au gari la jirani hata saa nane usiku uende Mawenzi au KCMC, kama umeenda kuchukua mzigo Arusha uende Mount Meru. Hapo utapasuliwa hata ukiwa na kilo 130, hatari itakuwa kubwa kuliko ya kupanga lakini kuchelewa ni hatari zaidi. Na hata kabla ya kufika huko, kama inakunasa mara kwa mara inauma alafu inarudi kwa shida, rudi hospitali wiki hii hii uwaambie hilo, huyo sio mtu wa kusubiri kilo 90.

Ukirudi kwa daktari, awe yule yule au mwingine, nenda na mtu wako mmoja na karatasi umeandika. Tundu lina upana wa sentimita ngapi ukiwa umelala? Mnanitaka nifike kilo ngapi, na nikifika mnanipa tarehe? Nani ataniangalia kila mwezi, kuna mtu wa lishe hapa? Sukari yangu ya miezi mitatu ni ngapi? Mtaweka wavu, mtauweka tabaka gani? Akikujibu hayo matano hujazungushwa. Akikataa kuyajibu tafuta mwingine, Moshi na Arusha madaktari wa upasuaji tupo.

Alafu ile karatasi ya kuruhusiwa ya miaka mitatu iliyopita, ukiipata ipige picha uzibe jina lako unitumie, nataka kuona kama walikuwekea wavu au walishona kwa uzi tu, maana hiyo inabadilisha hata namna nitakavyokushauri kuhusu operesheni ya pili.